Kesho Tunaandamana

Wazazi wengi hawapati usingizi usiku ule ambao mtoto wao amewaambia, "Kesho tunaandamana." Mama huwaza mawe na moshi wa kutoa machozi. Baba huwaza karo aliyokwisha kuilipa na mtihani uliokaribia. Na katika nyumba za askari, ambao ndio wengi wa wasomaji wa ukurasa huu, wasiwasi huo huwa maradufu, kwa maana huenda baba mwenyewe amepangwa zamu ya kesho katika barabara ile ile atakayopita mwanawe.

Mimi nimelijua jambo hili kwa pande tatu. Nimepata kuandamana. Nimepata kula chakula katika nyumba ya askari aliyepangwa kuwasimamia waandamanaji hao hao. Na sasa, nikiwa mtumishi wa serikali, ninakaa nyuma ya meza ambayo barua za waandamanaji huishia. Upande huu wa tatu ndio usiosimuliwa, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Wanyange ni kilima kilichoko mashariki ya Jinja, upande wa ziwa. Aliyepanda juu yake huliona Ziwa Viktoria limetandaa chini kama mkeka, na akigeuka nyuma huisikia, hata asipoiona, barabara kuu iendayo Iganga, Tororo na mpakani Malaba. Hiyo ndiyo njia ya malori yatokayo Mombasa na mizigo ya Kampala, Rwanda na Kongo. Hayalali. Usiku tukiwa tumezima taa tulizoea kuyasikia yakibadilisha gia, na mgeni ndiye aliyeuliza ni ngurumo gani.

Nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa masomo ya ualimu. Mazoezi ya kufundisha niliyafanya katika shule moja ya msingi iliyo karibu na barabara hiyo, na nilipewa darasa la pili. Asubuhi moja mtoto wa darasa langu aligongwa na lori akivuka kuja shule. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali. Daftari lake lilikuwa limebaki mezani kwangu tangu jana yake, lina hesabu tatu za kutoa ambazo nilikuwa sijazisahihisha. Sitasema zaidi juu ya siku hiyo.

Wanafunzi wenzangu walikasirika, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mahali pale hapakuwa na tuta, wala mistari ya kuvukia, wala kibao cha kumwambia dereva kwamba mbele kuna watoto. Usiku ule tulikusanyika katika bwalo. Wengine walitaka tufunge barabara kwa magogo na kuchoma magurudumu mpaka mkubwa fulani aje. Wengine walitaka tuandamane mpaka mjini Jinja kwa utaratibu. Waliotaka moto walipiga kelele zaidi, kama ilivyo desturi, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Jumamosi nilikwenda kumwamkia baba yangu mdogo, aliyekuwa askari polisi akiishi katika nyumba za askari hapo Jinja. Mama mdogo alikuwa amepika muhogo na dagaa, ambao kwetu huitwa mukene. Tulipokwisha kula nilimweleza Baba Mdogo habari yote. Hakunikemea. Alinawa mikono taratibu, kisha akaniuliza, "Mnampelekea nani?"

Sikumwelewa. Nikamwambia kwamba tunaandamana kwa sababu ya mtoto aliyekufa.

"Hiyo ndiyo sababu," akasema. "Mimi nakuuliza mnampelekea nani. Binti yangu, nikisimama barabarani, mimi siwezi kujenga tuta. Hata OC wangu hana tuta. Ukinipigia kelele mimi, umepoteza sauti yako bure. Maandamano ni barua. Barua isiyo na anwani hurudi, na ya kwenu itarudi na majeruhi."

Akanieleza jinsi siku hiyo inavyokuwa kwa upande wao. Askari huamshwa saa kumi alfajiri. Huvaa kofia ya chuma na kushika ngao, akasimama juani saa sita au saba, mara nyingine bila hata kikombe cha chai. Hajui wanaokuja ni wangapi wala wanataka nini, kwa kuwa aghalabu hakuna aliyemwambia ila "kuna fujo". Halafu jiwe moja hurushwa kutoka nyuma, na arushaye mara nyingi si mwanafunzi hata kidogo. "Jiwe likiisha kurushwa," akasema, "mimi sijui tena nani mwalimu na nani mhuni. Nawe hujui tena kwamba mimi ni baba yako."

Mama mdogo, aliyekuwa akikusanya vyombo, alisema bila kuinua macho, "Na mimi nitakuwa hapa nawasubiri nyote wawili."

Nilirudi kilimani na maswali yake nimeyaandika katika karatasi. Tulibishana usiku kucha, na baadhi ya marafiki zangu waliniita mpelelezi. Lakini mwishowe barua iliandikwa ya kuwajulisha polisi siku, saa na njia. Nyingine iliandikwa kwa ofisi iliyohusika na mambo ya barabara, ikieleza mahali penyewe na kuomba vitu vitatu tu: matuta, mistari na kibao. Tulikubaliana kupita upande mmoja wa barabara, magari yapite upande wa pili. Mabango tuliyaandika juu ya maboksi tukayaning'iniza shingoni kwa kamba, tusishike fimbo hata moja, kwa sababu fimbo ya bango ikionekana kwa mbali ni rungu. Mitungi ya maji ilitangulizwa kwa baiskeli.

Kuhusu mabango nina neno. Karibu yote yaliandikwa kwa Kiingereza, na machache kwa Lusoga. Msichana mmoja mnyamavu, mtu wa Bugisu, aliandika lake kwa Kiswahili: "Dereva, punguza mwendo, mimi ni mwanao." Wengine walimcheka, wakasema hiyo ni lugha ya kambini. Lakini tulipoteremka barabarani, lori la kwanza kupunguza mwendo lilikuwa la Mombasa. Dereva alitoa kichwa nje, akalisoma lile bango kwa sauti, kisha akazima redio yake. Baada ya hapo msichana yule alipelekwa mbele, na hakuna aliyecheka tena.

Tulipita Bugembe tukiimba. Watu walitoka madukani kututazama, na wanawake wawili wa sokoni waliweka vikapu vyao chini wakaandamana nasi hatua mia mbili hivi. Tulipokaribia Amber Court, pale ambapo njia ya mjini huiacha barabara kuu, vijana wa bodaboda walikuwa wamejiunga nyuma kwa shangwe. Hao hatukuwaalika, wala hawakujua habari ya mtoto. Mbele yetu polisi walikuwa wamejipanga mstari. Nilimwona Baba Mdogo, wa tatu kutoka kushoto. Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta.

Nilisikia jiwe likigonga bati la kibanda. Hakuna aliyeumia, lakini ngao zote ziliinuka kwa pamoja. Ikiwa mtu ataniuliza maandamano ni nini, nitamwambia kuwa ni muda ule, ambao haukuzidi pumzi tano. Kiongozi wetu aliinua mikono yote miwili akapaza sauti, "Kaeni chini!" Tuliketi palepale juu ya lami, kama watoto wa darasa la pili. Waliobaki wamesimama ni wale wa nyuma tu, na kila mtu akawaona. Yule mwenye jiwe la pili mkononi aliliachia lianguke. Sajini akasogea mbele, akauliza kwa Kiswahili, "Mkubwa wenu nani?" Akapewa nakala ya barua. Akaisoma yote, hakuruka mstari. Kisha akawageukia askari wake akawaamuru watusindikize.

Mjini tulifika katika ofisi tuliyoiandikia. Karani alitoka, akapokea barua, akaigonga muhuri. Akasema, "Mkubwa hayupo." Tulisimama kidogo pale uani, hatujui la kufanya, kisha tukarudi kwa miguu. Ilipita miezi mingi kabla mistari myeupe haijachorwa mbele ya ile shule, na mvua za msimu mmoja ziliifuta. Matuta hayakujengwa nikiwapo.

Tangu wakati huo nimekuwa msomaji wa habari za maandamano ya wanafunzi, na nimeona kwamba swali la Baba Mdogo huzifungua karibu zote.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo. Walipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka wahitimu watumikie miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Anwani waliijua: walikwenda hadi Ikulu, na Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisomea ualimu Makerere kati ya 1943 na 1945, alitoka akawasikiliza mpaka mwisho. Lakini bango mojawapo lilisema kwamba enzi ya ukoloni ilikuwa afadhali. Jibu walilipata papo hapo. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao chini ya ulinzi, na wengi wao waliruhusiwa kurejea masomoni mwaka uliofuata. Linalosahaulika ni kwamba, kwa kuwa walikuwa wamenung'unikia mishahara ya wakubwa, Mwalimu aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 siku ileile, na Azimio la Arusha lilifuata Februari 1967. Barua ile ilisomwa. Ilisomwa vizuri kuliko walivyotaka walioiandika.

Machi 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu hichohicho walitoka tena, safari hii kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge. Polisi waliwazuia, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Ukiwalinganisha, hawa wa pili ndio walioinua neno la wananchi wa kawaida, na wa kwanza waliinua neno la mfuko wao. Hata hivyo waliopokewa mlangoni ni wale wa kwanza.

Hapa kwetu Uganda tuna kumbukumbu zenye uchungu zaidi. Mwaka 1976, katika utawala wa Amin, mwanafunzi wa sheria wa Makerere alipigwa risasi akafa, wenzake wakaandamana kumlilia, na Agosti ya mwaka huo askari waliingia chuoni wakawapiga wanafunzi. Desemba 1990, katika serikali nyingine kabisa, wanafunzi wawili wa Makerere waliuawa kwa risasi za polisi katika mgomo uliohusu posho zao. Naandika haya katika gazeti linalosomwa na askari, wala siyaandiki kwa kuwasuta. Baba Mdogo alikuwa kijana mwaka huo wa 1990, na ndiye aliyenihadithia kwanza. Alisema kwamba katika mafunzo yao hakuna somo la namna ya kwenda baadaye kumtazama mama wa marehemu.

Na wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976, walikuwa na anwani gani? Maelfu ya watoto wa shule walitoka madarasani kwa sababu serikali ya makaburu iliamuru masomo yao kadhaa yafundishwe kwa Kiafrikana. Walikuwa wakielekea uwanja wa Orlando. Hawakufika. Polisi waliwarushia moshi wa kutoa machozi, kisha risasi. Picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, aliyebebwa mikononi huku dada yake akikimbia kando, ilienea dunia nzima kabla serikali yao haijapata la kusema. Mlango uliokusudiwa ulipofungwa, barua ilipokewa na mataifa. Mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na ndiyo sababu kila Juni watoto wetu hutoka na ngoma na mabango, askari wakiwazuilia magari. Nimewauliza watoto wengi katika mistari hiyo kwa nini wanatembea. Walio wengi hunijibu kwamba ni sikukuu ya soda.

Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 29, humpa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana na wenzake kwa amani na bila silaha. Wengi huishia hapo kusoma. Lakini kifungu hichohicho kinaendelea na kutaja haki ya kupeleka ombi. Waliokiandika waliviweka viwili hivyo pamoja, miguu na karatasi, na sidhani waliviweka hivyo kwa bahati.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe amemwambia "kesho tunaandamana" asikimbilie kufunga mlango, kwa sababu mlango hufungwa siku moja tu, na dirisha liko. Amuulize anakwenda kwa nani, ameandika nini, na nani atawaketisha wenzake mambo yakichafuka. Akiwa na majibu, ampe viatu vilivyofunika vidole, maji, na kitambaa. Asipokuwa na majibu, hapo ndipo pa kukaa naye usiku. Kijana asiyejua anampelekea nani si lazima awe mtundu. Huenda amefiwa tu, kama mimi nilivyokuwa, na analitafuta lori lile amrushie mtu yeyote.

Sasa niseme la upande wangu wa tatu. Siku hizi nafanya kazi katika ofisi moja huko Mbale. Muhula mmoja walikuja wanafunzi wa kike wa shule fulani, wapatao thelathini, wametembea kutoka shuleni kwao wakiwa katika sare, kimya, na bango moja tu. Pampu ya kisima chao ilikuwa imeharibika, na kila siku wasichana walikosa somo la kwanza wakichota maji mtoni. Mkubwa wangu alikuwa safarini. Nilitoka nje nikapokea barua yao, nikaigonga muhuri. Nilijisikia nikisema, "Mkubwa hayupo."

Ilikuwa kweli, hakuwapo. Nikaitia barua katika faili, na faili katika kabati, kisha likaja zoezi la bajeti, kisha wakaguzi. Zilipita wiki kumi na moja. Najua hesabu hiyo kwa sababu muhuri una tarehe.

Iliyonikumbusha ni simu ya mama mdogo, akinipa habari kwamba Baba Mdogo amestaafu na anapanga kufuga kuku. Katika mazungumzo alicheka, akasema kwamba mzee bado huwahadithia wageni siku ile ya Amber Court, jinsi alivyojikaza asinitazame, kwa kuwa angenitazama angeiacha ngao. Nilipoweka simu chini nililiona lile daftari la hesabu tatu kama kwamba liko mezani pangu. Siku hiyo hiyo, jioni, nilirudi ofisini nikafungua kabati.

Asubuhi nilimpelekea mkubwa wangu barua ile mkononi, nikasimama mbele yake mpaka alipomaliza kuisoma. Alisaini mafundi watumwe. Mimi mwenyewe nilikwenda na jibu shuleni, nikaitiwa kiranja aliyeileta barua. Ni msichana mrefu, mwenye kusema polepole. Aliisoma karatasi niliyompa, akaikunja mara mbili, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Barua yetu mliisoma siku ile tuliyoileta?"

Nilimjibu, "Marahaba, mwanangu. Tumeisoma leo asubuhi."